Kijana Anapoiambia Kompyuta Yale Asiyomwambia Mama

Ndugu msomaji, je, mashine yaweza kutambua kwamba mtoto wako anaumwa moyo? Hatusemi moyo ule ambao daktari huusikiliza kifuani, bali moyo wa ndani, ule unaonyong'onyea, unaochoka na kukosa hamu ya kuishi. Wazazi wengi wamesikia kwamba katika nchi nyingine kijana huketishwa mbele ya kompyuta, huulizwa maswali, na mwisho mashine hutoa jibu kama ana ugonjwa wa sonona au hana. Wengine wamefurahi, wakidhani kwamba sasa taabu imekwisha. Wengine wamechukia, wakasema mtoto wa mtu hawezi kuchunguzwa na chuma.

Mwezi huu tutaeleza mahojiano hayo ni nini, yalianzaje, yanasaidia wapi na yanakosea wapi. Mwisho tutaona jambo ambalo kila mzazi anaweza kujifunza kutokana nayo, hata kama zahanati ya karibu naye haina kompyuta.

SONONA NI NINI?

Kila mtu huhuzunika. Mtoto akifeli mtihani, akifiwa au akigombana na rafiki yake, atahuzunika siku chache kisha atarudia hali yake. Hiyo si sonona. Sonona ni ugonjwa. Huzuni au ukosefu wa hamu unamshika mtu karibu kutwa nzima, karibu kila siku, kwa muda usiopungua majuma mawili, na unamzuia kufanya kazi zake za kawaida. Wataalamu huangalia dalili hizi tisa:

1. Huzuni nzito. Kwa vijana, mara nyingi huzuni hiyo hujionyesha kama hasira na ukali usio na sababu.
2. Kukosa hamu ya mambo aliyoyapenda, kama mpira, kwaya au marafiki.
3. Kula kidogo mno au kula kupita kiasi, na uzito kubadilika.
4. Kukosa usingizi, au kulala mno.
5. Kuwa mzito katika mwendo na maneno, au kuhangaika bila kutulia.
6. Uchovu usioisha.
7. Kujiona hafai, au kujilaumu kupita kiasi.
8. Kushindwa kufikiri, kusoma au kuamua jambo.
9. Kuwaza kifo, au kutaka kujiua.

Mtu huhesabiwa kuwa na sonona akiwa na dalili tano au zaidi kwa wakati mmoja, na moja ya hizo lazima iwe ya kwanza au ya pili.

Tusidhani kwamba haya ni maradhi ya watu wazima tu, au ya mijini tu. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba kati ya kila vijana saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili la aina fulani. Mwaka 2021 kujiua kulikuwa sababu ya tatu ya vifo duniani kwa watu wa miaka 15 hadi 29. Si kila anayejiua alikuwa na sonona, lakini sonona ni mojawapo ya njia kuu zinazowafikisha watu huko.

KIPIMO CHAKE NI MANENO

Malaria tunaipima kwa tone la damu. Kifua kikuu tunakitafuta katika makohozi. Sonona haina tone la damu wala picha ya eksirei. Kipimo chake ni maneno: mgonjwa aulizwe, naye ajibu kweli. Na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu kwa vijana. Mazungumzo ya namna hii husikika mara nyingi katika chumba cha wagonjwa wa nje:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unaumwa nini?"

"Kichwa."

"Tangu lini?"

"Siku nyingi."

Hapo mama mzazi anadakia: "Huyu hali, halali, shuleni hataki kwenda. Ni uvivu tu, nesi. Mchome sindano."

Binti anainamisha uso. Ukimwuliza kama kuna jambo linalomsumbua, atajibu, "Hakuna." Atasemaje mbele ya mama yake? Atasemaje mbele ya muuguzi ambaye ni rafiki wa shangazi yake na wanasali pamoja? Isitoshe, nyuma yake kuna foleni ya wagonjwa 40, na muuguzi anatazama saa. Mmoja ataulizwa maswali kumi, mwingine mawili. Muuguzi mmoja atauliza juu ya kujiua, mwingine ataogopa kulitamka neno hilo. Wagonjwa wawili wenye hali moja wataondoka na majibu mawili tofauti.

Kwa hiyo kuna matatizo mawili: kijana hasemi, na sisi hatuulizi kwa namna moja. Kompyuta ilitafutwa ili kusaidia katika haya mawili.

KOMPYUTA ILIINGIAJE HOSPITALINI?

Jambo hili si la jana. Mwaka 1966 daktari Warner Slack na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walieleza jinsi walivyoitumia kompyuta kumwuliza mgonjwa historia ya ugonjwa wake. Swali lilitokea kwenye kioo, mgonjwa akabonyeza kitufe kujibu, na swali jingine likafuata. Walianza na maswali ya aleji. Mwaka 1973, katika chuo hicho hicho, daktari John Greist na wenzake walitangaza programu ya kuwahoji watu wenye mawazo ya kujiua ili kukadiria hatari iliyo mbele yao. Baadhi ya wagonjwa walisema kwamba jambo hilo waliona afadhali kuieleza kompyuta kuliko kumweleza daktari.

Kwa upande wa watoto na vijana, mahojiano yaliyojulikana sana ni yale yaitwayo DISC. Yalitengenezwa kwa msaada wa taasisi ya afya ya akili ya serikali ya Marekani, na kuendelezwa katika Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York, chini ya daktari David Shaffer. Toleo lake la nne, lililoelezwa mwaka 2000, lina maswali karibu 3,000 na hugusa maradhi ya akili zaidi ya 30.

Usishtuke, msomaji. Hakuna mtoto anayeulizwa maswali yote hayo. Maswali yamepangwa kama njia zenye matawi. Tuchukue mfano wetu wenyewe. Kijana anaulizwa kama katika mwaka uliopita kulikuwa na wakati alipohuzunika sana. Akijibu "hapana", kompyuta inaliacha tawi hilo na kwenda mbele. Akijibu "ndiyo", inafuata njia hiyo: Je, ilikuwa karibu kila siku? Je, ilikuwa kutwa nzima au saa chache? Ilidumu majuma mawili? Ilianza lini? Ilikufanya ugombane na watu wa nyumbani? Ilikuharibia masomo? Mwanadamu akifuata matawi hayo kwa karatasi atapotea njia. Kompyuta haipotei, haichoki, wala haisahau swali.

Baadaye lilitengenezwa toleo la sauti. Kijana huvaa vifaa vya kusikilizia masikioni, husikia swali likisomwa huku akiliona kwenye kioo, kisha hubonyeza jibu mwenyewe. Faida yake ni kwamba hata asiyesoma vizuri anaweza kujibu, na aliyeketi chumba kile kile hasikii swali wala haoni jibu. Watafiti wa Columbia walilitumia toleo hilo kwa vijana wa kiume waliokuwa wamefungwa katika vituo vya mahakama za watoto katika majimbo ya Illinois na New Jersey, na wakatoa matokeo yao mwaka 2002. Hao ni vijana ambao watu huwaona wakorofi tu, wala hawaulizwi kama wanaumwa.

KWA NINI KIJANA HUIAMBIA MASHINE?

Mwaka 1995 nchini Marekani ulifanyika uchunguzi wa wavulana wa miaka 15 hadi 19. Baadhi walipewa maswali ya siri kwa karatasi, wengine kwa kompyuta yenye sauti ya masikioni. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998. Waliotumia kompyuta walikiri mambo mengi zaidi, kama madawa ya kulevya, ugomvi na mambo ya ngono, kuliko waliojaza karatasi. Vijana walikuwa wa namna moja, na maswali ni yale yale. Kilichotofautiana ni njia ya kujibu.

Sababu si ngumu kuielewa. Mashine haikunji uso. Haisemi, "Wewe mtoto wa mzee fulani, kweli?" Haitakutana na baba yako sokoni. Haina haraka, na ukikaa kimya dakika mbili ukifikiri, inakungojea.

Hata hivyo tusiigeuze kompyuta kuwa kitu cha miujiza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa shirika la Population Council walijaribu njia hiyo hiyo ya kompyuta yenye sauti kwa vijana wa Kisumu, nchini Kenya, kwa maswali juu ya mwenendo wa ngono. Matokeo yalichanganyika. Kwa maswali mengine kompyuta ilileta majibu ya wazi zaidi, kwa mengine sivyo. Kwa kijana ambaye hajawahi kuigusa kompyuta, mashine yenyewe yaweza kuwa mgeni wa kutiliwa shaka. Leo vijana wengi wanaijua simu ya kioo, lakini kujua kuitumia na kuiamini ni mambo mawili mbalimbali.

Kuna somo jingine kwa wazazi. Kuanzia mwaka 2016, Marekani iliandikisha watoto karibu 12,000 wa miaka 9 na 10 katika uchunguzi mkubwa wa kuwafuatilia wanavyokua. Mtoto aliulizwa peke yake, mzazi peke yake, na kompyuta iliongoza maswali ya afya ya akili. Majibu yalipolinganishwa katika taarifa iliyotolewa mwaka 2020, ilionekana kwamba wazazi wengi wa watoto waliosema wamewahi kuwaza kujiua hawakuwa na habari. Hao si wazazi wabaya. Walikuwa wanakula meza moja na watoto wao. Lakini kuishi na mtoto nyumba moja si sawa na kujua yaliyo moyoni mwake.

MASHINE HUKOSEA WAPI?

Sasa tutazame upande wa pili, maana kila dawa ina madhara yake.

Kwanza, hukosea katika hesabu ya watu. Tuseme, kwa mfano tu, shule ina wanafunzi 1,000 na 50 kati yao wana sonona kweli. Tuseme kipimo ni kizuri: kati ya kila wagonjwa 10 kinawatambua 8, na kati ya kila wazima 10 kinawaachia 8. Katika wale wagonjwa 50 kitawakamata 40 na kuwakosa 10. Katika wale wazima 950 kitawaachia 760, lakini kitawashika 190 bure. Jumla ya waliotajwa kuwa wagonjwa ni 230, na wagonjwa wa kweli kati yao ni 40 tu. Ndiyo kusema, kati ya kila watano walionyoshewa kidole, hata mmoja kamili hapatikani. Na nje ya orodha wamebaki wagonjwa 10 walioambiwa hawana neno. Ndiyo maana jibu la kompyuta peke yake lisigeuzwe kuwa jina la ugonjwa juu ya mtoto, na wala jibu la "hana" lisimfanye mzazi alale usingizi akiwa anaona dalili kwa macho yake.

Pili, lugha. Maswali mengi yalitungwa kwa Kiingereza kwa vijana wa Marekani na Uingereza. Sisi kwetu mtu mwenye sonona mara nyingi hasemi "nina huzuni". Atasema "nina mawazo mengi", "moyo unaniuma", "kichwa kinawaka moto", "mwili hauna nguvu". Swali lililotafsiriwa neno kwa neno litampita pembeni, naye atajibu "hapana" kwa unyofu kabisa. Tafsiri nzuri hufanywa na watu wawili au zaidi, hurudishwa katika lugha ya kwanza na mtu mwingine ili kulinganisha, kisha hujaribiwa kwa vijana wenyewe, na majibu yao kupimwa na mahojiano ya mtaalamu.

Tatu, muda. Mtoto mdogo hana hesabu nzuri ya siku. Ukimwuliza kama huzuni ilidumu majuma mawili au miezi miwili, atakisia. Kwa hiyo mahojiano haya huaminika zaidi kwa vijana wakubwa kuliko kwa watoto wadogo, na kwa watoto wadogo wazazi pia huulizwa.

Nne, uchovu. Kijana mwerevu hugundua upesi kwamba kila "ndiyo" huzaa maswali mengine matano. Akichoka atajibu "hapana" mpaka mwisho ili aende zake. Imeonekana pia kwamba vijana wakirudiwa kuhojiwa kwa mahojiano marefu ya namna hii, mara ya pili hutaja dalili chache kuliko mara ya kwanza.

Tano, kompyuta haina macho. Haioni midomo iliyopauka ya binti mwenye upungufu wa damu, ambaye uchovu wake unatokana na damu na wala si sonona. Haioni alama za kipigo mkononi. Haijui kama kijana ana kifafa, Virusi vya Ukimwi, ugonjwa wa tezi ya shingo, au kama ni mjamzito na anaogopa kusema. Haisikii sauti inayotetemeka. Kwa hiyo uchunguzi wa mwili hauwezi kuachwa.

LAZIMA PAWE NA MTU NYUMA YA MASHINE

Waingereza walipata njia ya kati iliyo nzuri. Daktari Robert Goodman wa London na wenzake walitengeneza mahojiano yaitwayo DAWBA, yaliyotumika mwaka 1999 katika uchunguzi wa watoto zaidi ya 10,000 wa miaka 5 hadi 15 nchini Uingereza, kisha tena mwaka 2004 na mwaka 2017. Kompyuta huongoza maswali ya "ndiyo" na "hapana", lakini panapotokea tatizo humtaka mhojiwa aeleze kwa maneno yake mwenyewe. Mzazi huulizwa, kijana huulizwa, na mwalimu hutumiwa maswali yake. Kompyuta hukadiria uwezekano wa ugonjwa. Kisha mtaalamu husoma yote, pamoja na yale maelezo ya maneno, naye ndiye anayeamua.

Njia nyingine mpya ni ya maswali machache yanayobadilika. Mwaka 2021 Profesa Cheryl King wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walieleza kipimo kiitwacho CASSY, kwa ajili ya vijana wa miaka 12 hadi 17 wanaofika katika vyumba vya dharura vya hospitali za Marekani. Kila jibu humsaidia kompyuta kuchagua swali linalofuata, hivyo maswali kama 11 tu hutosha. Katika majaribio kilikuwa kimewatambua vijana kama 8 kati ya kila 10 waliokuja kujaribu kujiua katika miezi mitatu iliyofuata, huku kikiwaachia 8 kati ya kila 10 ambao hawakujaribu. Hiyo ni kazi kubwa. Lakini hata hapo, wawili kati ya kila kumi walipita bila kutambuliwa.

Sasa fikiria jambo hili. Kijana amebonyeza "ndiyo" kwenye swali la kujiua saa tisa alasiri. Kama hakuna mtu wa kulisoma jibu hilo siku ile ile, amezungumza na ukuta. Tena ni vibaya kuliko kutoulizwa, kwa sababu alijikaza akasema na hakuna aliyekuja. Kwa hiyo shule, zahanati au kikundi chochote kisianze kuwapima vijana kwa kompyuta au kwa simu kabla ya kupanga mambo matatu: nani atasoma majibu na lini, nani atakaa na kijana, na atapelekwa wapi akihitaji matibabu. Huko Marekani, kamati ya kitaifa inayoshauri juu ya vipimo vya kinga ilipopendekeza mwaka 2009 kwamba vijana wa miaka 12 hadi 18 wapimwe sonona, iliweka sharti kwamba pawepo utaratibu wa kuthibitisha ugonjwa, kutibu na kufuatilia. Kupima bila kutibu ni kumwita mgonjwa aje kisha kumfungia mlango.

Na tahadhari moja kwa wenye simu. Siku hizi kuna vipimo vingi vya sonona katika intaneti, na pia programu zinazozungumza na mtu kama mwanadamu. Dodoso fupi la kweli lenye maswali tisa, lijulikanalo kama PHQ-9, lilitengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1990, nalo hutumiwa na hospitali nyingi. Lakini hata hilo huonyesha tu kwamba mtu aonwe na mtaalamu. Halimpi mtu jina la ugonjwa, wala si cheti cha kununulia dawa dukani.

SIRI YA NANI?

Hapa ndipo wazazi wanapoumia. "Mtoto ni wangu, kwa nini nisisome majibu yake?" Ni swali la haki. Lakini kijana akijua kwamba kila neno litasomwa na baba, atajibu kama alivyojibu mbele ya mama: "Hakuna." Njia nzuri ni kumwambia mapema, kabla hajabonyeza kitufe cha kwanza: "Majibu yako ni siri kati yako na muuguzi. Lakini ukisema unataka kujiua, au kuna mtu anayekuumiza, lazima tumwambie mtu mzima wa kukulinda, nawe tutakueleza tunamwambia nani." Mpango huo haumdanganyi kijana, wala haumtupi mzazi nje. Na kama anayemwumiza yumo ndani ya nyumba, muuguzi ana wajibu wa kutafuta mlinzi mwingine.

JE, KUULIZA KUTAMTIA MAWAZO MABAYA?

Hofu hii ni kubwa kuliko zote. Wazazi hudhani kwamba ukitamka neno "kujiua" utalipanda moyoni mwa mtoto. Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2005 watafiti wa New York walitoa taarifa juu ya wanafunzi 2,342 wa shule sita za sekondari. Wanafunzi waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliulizwa maswali ya kujiua, jingine halikuulizwa. Siku mbili baadaye wote waliulizwa. Walioulizwa kwanza hawakuwa na mawazo ya kujiua zaidi ya wenzao, wala hawakuwa na fadhaa zaidi. Wale waliokuwa na sonona, au waliowahi kujaribu kujiua, walionekana kuwa na nafuu kidogo baada ya kuulizwa. Kuuliza hakupandi mbegu. Mara nyingi ndiko kunakomfungulia mtu mzigo.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Ukiitazama vizuri, ile kompyuta inafanya mambo manne ambayo hayahitaji umeme. Inauliza faraghani. Inauliza waziwazi. Haikaripii. Inangoja jibu. Mzazi anaweza yote manne.

1. Chagua mahali na wakati. Usimwulize mbele ya wadogo zake wala wageni. Vijana wengi huongea vizuri mkiwa mnafanya kazi pamoja, mnapalilia, mnachambua mboga au mnatembea, kuliko mkikaa uso kwa uso.

2. Uliza wazi. Badala ya "Una nini wewe siku hizi?", sema: "Mwanangu, naona juma la tatu sasa huli na wenzako, na usiku hulali. Je, una huzuni? Imekuanza lini?" Na kama unaona dalili nzito, uliza: "Je, umewahi kuona afadhali ufe? Umewahi kufikiri kujiua?"

3. Usikatize, usihubiri, usilinganishe. Maneno kama "sisi wakati wetu tulikuwa tunashinda njaa" yanafunga mlango. Sema, "Asante kwa kuniambia," kisha nyamaza, umsikilize.

4. Kama hakuambii wewe, mtafutie mtu. Desturi zetu zina hekima hapa. Kuna mambo ambayo mtoto hamwambii mama lakini humwambia bibi, shangazi au mjomba. Tumia ndugu hao, ila wawe watu wa kutunza siri.

5. Dalili zikizidi majuma mawili, mpeleke zahanati au hospitali. Mwambie mhudumu aliyopoteza na muda wake: "Tangu mwezi wa tatu haendi mpirani, hasomi, analia usiku." Usiseme tu "kichwa kinamwuma". Kisha toka nje kwa muda, mwache aongee peke yake.

6. Akisema anataka kujiua, usimwache peke yake. Fungia mbali sumu za wadudu na za panya, na dawa zote za nyumbani, na mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usimpige wala usimtangaze.

Sonona ya vijana inatibika. Mwaka 2004 uchunguzi wa vijana 439 wa miaka 12 hadi 17 huko Marekani ulionyesha kwamba baada ya majuma 12, kati ya wale waliopata dawa ya fluoxetine pamoja na mazungumzo ya matibabu, vijana 7 kati ya kila 10 walikuwa na nafuu kubwa. Kati ya waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani, waliopata nafuu hiyo walikuwa kama 3 au 4 kati ya kila 10. Dawa hizi kwa vijana zitolewe na mtaalamu, naye amfuatilie mgonjwa kwa karibu, hasa majuma ya kwanza.

Basi, ndugu msomaji, kompyuta ikifika katika hospitali yetu tuipokee kama tulivyopokea darubini ya kupimia malaria: ni chombo cha kumsaidia mwenye kutibu, na jibu lake lapaswa kusomwa na mtu. Lakini tusiingoje. Vijana wale walioiambia mashine walikuwa na la kusema siku zote, ila hawakuwa wamepata pa kulisemea. Jioni ya leo kabla taa haijazimwa, mwangalie yule mwanao aliyekuwa mcheshi na sasa amekuwa kimya, umwulize anaendeleaje. Akijibu "sijambo", usiondoke upesi. Kaa naye kidogo.